Gunia jeupe

Jana usiku dada alifukiza udi. Hapa Maskati ndiyo desturi yake kila kuamkia Ijumaa, kama alivyokuwa akifanya mama kwetu Mombasa. Alitoa makaa mawili kwenye gunia lililo nyuma ya mlango wa jikoni, akayakoleza moto, akayatia kwenye chetezo. Mkaa wenyewe mzito, ukigonganishwa unalia kama chuma, na hautoi moshi.

"Huu mzuri, kaka. Hudumu mpaka wageni waondoke."

Nikaliinamia lile gunia nisome. Jeupe, jina la muuzaji kwa Kiarabu, uzito, basi. Nchi ulikotoka haikuandikwa. Mimi miaka 19 nimekula mkate wa makaratasi ya forodha, jicho hukimbilia hapo lenyewe. Usingizi ukanipaa.

Mkaa wa migunga ya kusini mwa Somalia unasifiwa sana huku Ghuba, kwa shisha na kwa nyama ya kuchoma. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku kuusafirisha nje, azimio namba 2036, kwa kuwa al-Shabaab walikuwa wakichuma fedha nyingi humo. Miezi saba baadaye majeshi yetu ya Kenya yakaingia Kismayu, bandari ya kusini mwa Somalia ulikopakiwa mkaa huo. Nakumbuka tulivyoshangilia ofisini. Mwaka 2013 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba mkaa bado unapakiwa bandarini pale pale, na al-Shabaab bado wanapata fungu lao. Liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Kinachoninyima raha zaidi ni jinsi mambo haya yanavyofanana na kazi yangu. Lori linasimamishwa kwenye kizuizi, dereva analipa, anaandikiwa stakabadhi. Kizuizi cha mbele akiionyesha, anapita halipi tena. Mizigo ikifika pwani inaingia jahazini, na nahodha anapewa cheti cha asili kinachosema mkaa umetoka Komoro, au Ghana, au Kodivaa. Komoro! Visiwa vile wenyewe wanahangaikia kuni. Karani aliyeigongea muhuri karatasi ile alijua. Hakuna wa kuniambia hakujua.

Ripoti ya wachunguzi wale wa Umoja wa Mataifa ya 2018 ina jambo ambalo sijaweza kulisahau. Mkaa ulikuwa ukipelekwa kwanza Iran katika magunia ya bluu na kijani. Kule ukimwagwa, ukitiwa kwenye magunia meupe yaliyoandikwa kwamba ni mazao ya Iran, kisha majahazi madogo yakiuvusha kwenda Dubai. Kubadilisha gunia tu, na damu imefutika. Walikadiria al-Shabaab wakipata si chini ya dola milioni 7.5 kwa mwaka kwa kutoza mkaa njiani, na mkaa wote kuuzwa kwa jumla katika Falme za Kiarabu kwa dola milioni 150. Nyingi ya hizo nyingine zilibaki kwa watu ambao hawajashika bunduki: wenye majahazi, wenye maghala, madalali.

Aprili 2, 2015, al-Shabaab waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, kwetu Kenya. Siku chache baadaye serikali ikafunga kampuni 13 za kutuma fedha, zile za hawala. Jirani yangu Msomali, mwenye duka la nguo, alikuwa akimtumia mamake dola 100 kila mwezi. Alikuja kwangu jioni akiwa na ile pesa imekunjwa mkononi, akaniuliza kama namjua mtu yeyote anayesafiri. Sikumjua. Zilifunguliwa tena Juni. Miezi ile yote mama mzee aliishi kwa kukopa, na sikusikia ghala hata moja la mkaa lililofungwa kwa ajili ya Garissa.

Asubuhi nimemuuliza dada gunia alilinunua wapi.

"Duka la hapa chini. Kwani una nini, kaka? Hukulala?"

Tukashuka pamoja. Mwenye duka ni kijana mpole, akatuambia huletewa na gari kila Jumatatu, hajawahi kuuliza linakotoka. Nikamwomba anionyeshe ankara. Akaitafuta chini ya mizani, akanipa kwa mikono miwili. Imeandikwa: mkaa, magunia 20.