Zimesikika mpaka benchi la mwisho

Tangu Jumapili kuna neno linanisumbua, na hapa misheni, upande wa Masaka, Uganda, ninapotengeneza hosti, ule mkate mwembamba wa Komunyo, huwezi kumwambia mtu jambo lisifike kwa mhusika kabla ya chai ya saa nne. Basi naliandika huku.

Tumetoka Misa ya kwanza, tuko mezani. Sista Mzee, yule aliyesomea uuguzi kwetu Tanzania na ambaye Kiswahili chake kina adabu kuliko changu, akaninyooshea kikombe nimmiminie chai.

"Mwanangu, hosti za leo zimesikika."

"Zimesikika, Sista?"

"Mpaka benchi la mwisho."

Akapokea kikombe, akasema webale nnyo, yaani asante sana kwa Kiganda, akageukia habari za mbuzi wa paroko. Yameisha hapo.

Wiki hii Askofu amekuja kutoa Kipaimara, kanisa limefungwa vipaza sauti vipya, umeme umekatika siku mbili na Paroko ametangaza uhamisho wake, na mimi bado niko kwenye benchi la mwisho. Angesema nene, ningejua ni rojo. Angesema kavu, ningejua ni kabati. Zimesikika ndiyo nini? Usiku nimekuwa nikiipanga kazi upya kutoka mwanzo, hatua kwa hatua, kutafuta mahali sauti ilipoingilia.

Hosti ni unga wa ngano na maji, basi. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inataka ngano tupu, tena mkate wa karibuni usio na hatari ya kuharibika, na Redemptionis Sacramentum, waraka wa Vatikani wa 2004, inakataza kuongeza sukari, asali au matunda. Hata chumvi hatutii. Kazi inaanzia dukani Masaka mjini, kwa sababu baadhi ya unga unaouzwa kwa ajili ya maandazi umeshachanganywa na baking poda. Lazima usome pakiti mpaka maandishi ya chini kabisa. Ukikosea hapo, kaki, yaani ule ubapa mpana tunaoukata hosti, inaumuka, inajaa vitundu, na altareni haifai. Unga laini wa keki ndio bora. Ule wenye nguvu, wanaoupenda waoka mikate, unavuta.

Kwa kilo moja ya unga naweka maji lita moja na nusu kasoro kidogo. Nachekecha mara mbili, namwaga maji taratibu nikikoroga bila papara, kisha naliacha rojo litulie mpaka povu lishuke. Maji yawe baridi, ya mtungini. Ya vuguvugu, ukichanganya na mkono wenye haraka, yanauamsha ule ulimbo wa ngano. Rojo linafanya nyuzi, na nyuzi zikipikwa zinabaki mistari migumu ndani ya kaki. Tena kipimo hicho usikishike kama amri kumi, maana unga wa gunia jipya unaweza kunywa maji kuliko wa gunia lililokwisha, na lita ileile ikakupa rojo zito. Rojo zito linatoa hosti nene, na hosti nene haiyeyuki ulimini, inatafunwa. Mimi naamini upawa: rojo limwagike bila kukatika na liache utando mwembamba tu.

Gunia jipya lilifunguliwa kabla ya Kipaimara. Maji niliongeza. Nina hakika niliongeza.

Halafu vyuma. Mashine yetu ni sahani mbili za chuma zinazofungana, ya chini na ya juu, zenye michoro ya msalaba. Zikishapata moto napitisha kitambaa chenye nta kidogo ya nyuki ili kaki isigande, na kaki za kwanza hazihesabiwi kwa sababu zimebeba nta. Upawa mmoja katikati, funga, mvuke unatoka kwa kelele pembeni, unakwangua rojo lililofurika kwa kisu, unasubiri kama dakika mbili. Kaki iwe nyeupe ya maziwa. Ikigeuka kahawia, moto umezidi. Ikitoka imepauka na katikati inararuka, umeme umeshuka, na hapo usilazimishe: zima, subiri, maana kaki iliyopikwa kwa umeme dhaifu inatoka na unyevu katikati na ukavu pembeni, na hakuna kabati litakalozilinganisha sehemu hizo mbili.

Kabati sasa. Wageni wakija chumbani hudhani mashine ndiyo kazi. Kazi ni kabati. Kaki ikitoka kwenye chuma ni kavu kabisa, ukiikata inapasuka vipande na vumbi jeupe linapaa mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo tunazisimamisha kwenye rafu za mbao, chini tunatandaza taulo zilizoloweshwa na kukamuliwa, tunafunga, zinalala humo. Aprili, mvua za masika zikikolea, saa chache zinatosha, na ukizisahau zinanata na baadaye kuota ukungu. Juni, kama sasa, mvua zimekwenda na upepo ni mkavu, hata usiku mzima kingo zinaweza kubaki ngumu huku katikati kumelainika. Kipimo changu ni kuikunja kona. Ikikunjika kimya, iko tayari. Ikilia hata kidogo, irudi.

Kukata nakufanya kwa mkono, nikibonyeza wenzo wa kikataji, na hosti zinadondokea kwenye droo. Kisu kikiwa butu kila hosti inatoka na ndevu. Ndevu ni makombo, na makombo ni jambo zito, kwani baada ya mageuzo, mkate unapokuwa Mwili wa Kristo, kila chembe inapewa heshima ileile. Ndiyo maana baada ya kukata napepeta kwa ungo kama mchele, nachambua zilizovunjika, zilizopinda na zenye doa, kisha nazianika tena chini ya chandarua mpaka zikauke sawasawa. Zikiingia kwenye mkebe kabla hazijakauka, mkebe unatoa jasho, na ukungu hauangalii sikukuu.

Mpaka Jumatano nilikuwa nimeshazunguka njia hiyo yote nisione kitu, na nimemkasirikia Sista Mzee kwa namna ambayo hata kwenye kitubio ingenipa kazi kuieleza. Tena nani anakaa benchi la mwisho? Vijana wa bodaboda waliochelewa na kina mama wenye watoto wachanga. Hao wanasikia nini zaidi ya vichanga vyao?

Alhamisi asubuhi nikaenda kukaa huko mwenyewe.

Ikafika sala ya Mwanakondoo wa Mungu. Paroko akainua hosti kubwa juu ya patena, kile kisahani cha hosti, akaimega. TA! Kanisa zima. Kile kipaza sauti kipya cha altareni kimesimama sentimita chache kutoka patenani, na mlio wake ulinipita kichwani ukagonga ukuta wa nyuma. Kijana mmoja aliyekuwa anasinzia aliruka. Nilicheka ndani ya leso mpaka machozi yakanitoka, nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu mwenye ibada nzito.

Sasa, hosti kubwa ninaiacha kavu kwa makusudi. Padri anatakiwa aimege moja kwa moja kwa mkono. Yenye unyevu inapinda kwanza, halafu inararuka na kumwaga makombo juu ya kitambaa. Inayolia TA na kugawanyika katikati ndiyo iliyotengenezwa vizuri. Nilitoka kanisani nikitembea kama niliyepewa cheti.

Siku ile kazi ilikwenda yenyewe. Unga ulikorogeka vizuri, umeme ulitulia, kaki zilikunjika kimya kona zote nne, na saa kumi watoto wa shule walikuwa dirishani kama kawaida wakitaka mabaki. Yale mabaki ya kaki yenye mashimo ya mviringo yaliyobaki baada ya kukata ni chakula tu, hayajafika altareni, na wanayapenda kuliko biskuti. Kuna katoto kamoja ka chekechea huwa hakali kwanza. Kanaweka jicho kwenye tundu, kanachungulia wenzake, ndiyo kanaanza kula kuzunguka tundu mpaka lipotee.

Ila usiku ukaja na hesabu yake. Hosti kubwa ni moja, na Sista alisema za leo. Lakini Jumapili Askofu aliadhimisha pamoja na mapadri wengine, kwa hiyo hosti kubwa zilikuwa kadhaa, na hapo maneno yake yanakaa sawa. Au alikuwa ananitania tu. Utani kati yetu wa Bukoba na wao wa Masaka hauishi: wao wanajivunia Joseph Kiwanuka, askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama hizi katika riti ya Kilatini, 1939, sisi tunamjibu na Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, 1960, wao wanasema askofu alitangulia, sisi tunasema kardinali ni mkubwa, na chai inapoa. Ningeweza kumwuliza. Jana nimemmiminia chai, nikamtazama, akanitazama, akasema sukari imepungua. Nikampa sukari.

Kesho nitamwomba sakristani asogeze kipaza sauti kidogo kushoto, kwa sababu Jumapili ijayo ni Komunyo ya Kwanza na sitaki watoto warushwe kutoka kwenye viti.

Kingine kinachoninyima usingizi kiko nyumbani. Kaka ameniandikia kwamba ada ya mdogo wetu "imekaa sawa". Imekaaje sawa, na kahawa bado iko mtini, kijani? Naogopa ameiuza butura, yaani ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Mnajua mnunuzi wa butura anavyolipa, na mnajua Mama akigundua itakuwaje. Nikimpigia hapokei. Nitampigia shemeji, huyo hajui kuficha.