Miaka Mitatu Ndani ya Mstari Mmoja

Somo la juma: Danieli 1:1-21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nasema na wale walio vyuoni. Nyinyi wengine msiondoke, maana karibu kila familia ina mtu wake huko, na mwishoni nina neno lenu.

Tumezoea kumhubiri Danieli wa tundu la simba. Ni hubiri tamu, na watoto hulipenda kwa sababu lina wanyama. Ila Danieli huyo wa sura ya 6 ni mzee, ameshaishi Babeli zaidi ya miaka 60. Wa sura ya 1 ni kijana aliyetolewa kwao bila kuulizwa. Amepewa masomo asiyoyachagua, kwa lugha isiyo ya mama yake, na muda umeshapangwa: miaka mitatu, kisha kuhojiwa ana kwa ana na mfalme. Kwa maneno mengine, ni mwanafunzi wa bweni.

Hesabuni mistari. Siku kumi za jaribio la chakula, Danieli na wenzake watatu walipoomba mboga na maji badala ya chakula cha mfalme, zimepewa mistari mitano, kuanzia wa 12 hadi wa 16. Mstari wa 17 unasema Mungu aliwapa vijana wale wanne maarifa na ujuzi katika elimu. Mstari wa 18 unaanza na muda umekwisha, wanapelekwa mbele ya mfalme Nebukadneza. Miaka yote mitatu imepita hapo katikati. Hakuna tanuru la moto wala mkono unaoandika ukutani. Kumekuwa na asubuhi na jioni za wanafunzi tu, na mwandishi hakuona cha kusimulia.

Mimi humo ndimo ninamotaka tukae leo, kwa sababu humo ndimo mnamoishi.

Twajua kiasi fulani walichokuwa wakifanya. Maandishi ya Babeli yalichorwa kwa kubonyeza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, na alama zake ni mamia. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mabamba mengi ya wanafunzi wa nchi ile, na mengi yanachosha kuyatazama: alama ileile imerudiwa mstari baada ya mstari, na orodha ndefu za maneno ya kukariri. Danieli alipita katika elimu ya namna hiyo. Kabla ya kufasiri ndoto ya mfalme, ilibidi ajue kusoma.

Tena si yote aliyosomeshwa yaliyokuwa safi. Wasomi wa Kikaldayo, yaani wa Babeli, walifundishwa kutabiri kwa nyota na kwa maini ya kondoo. Ezekieli 21:21 inamtaja waziwazi mfalme wa Babeli akiangalia maini ili ajue ashike njia ipi. Hayo yalikuwa ndani ya mtaala. Danieli hakugoma. Alipewa jina lenye mungu wa kigeni ndani yake, akaitika. Akapewa vitabu, akavisoma. Alipofika kwenye meza ya mfalme ndipo akasema hapana, na hata hapo alisema kwa kuomba: tujaribu siku kumi, kisha utuangalie mwenyewe.

Nawaambia hili wale wanaotoka kwenye mhadhara na moyo umewachafuka, wakidhani kumsikiliza mwalimu asiyeamini ni kumkana Mungu. Sivyo. Kazi yako ya kwanza ni kuielewa hoja yake kiasi kwamba unaweza kuieleza vizuri, ukampendeza hata yeye mwenyewe. Kwenye mtihani ukiulizwa nadharia fulani inasema nini, andika inachosema. Hilo ni jibu la swali, wala si ungamo la imani. Ukishaielewa ndipo utajua kama kweli inagongana na unachokiamini, au imegongana tu na ulivyofundishwa ukiwa mdogo. Mara nyingi huwa ni hilo la pili.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Kinachomshtua mgeni wa chuo mara nyingi ni ukimya wa saa zake, kabla hata ya ugumu wa masomo. Hakuna anayekuamsha. Hakuna anayeuliza kama umesali, kama umekula, kama ulikwenda darasani. Ratiba ina kipindi asubuhi na kingine alasiri, na katikati kuna shimo la saa nne ambazo hakuna mtu duniani anayejua unazifanyia nini. Nyumbani imani ilikuwa na kengele zake: sala ya jioni, Jumapili ya kwenda pamoja, jicho la mama. Chuoni kengele zimenyamaza zote kwa mpigo. Wengi hudhani wamepoteza imani muhula wa kwanza, kumbe ndiyo mara ya kwanza wanatakiwa kuibeba wenyewe.

Zile saa nne hazina dhambi kubwa ndani yake, na ndiyo maana hatuziombei. Unajilaza kidogo na simu. Video moja inaita nyingine. Mtu anapita, mnaongea. Ukitazama nje jua limeshageuka, na kazi inayotakiwa kesho asubuhi haijaanzwa. Usiku ndipo maktaba inapojaa, kila mmoja ana madesa, yaani nakala za masomo, mbele yake, na macho mekundu yanaonekana kama sifa. Nami sitawasifu. Zaburi ya 127 inasema ni bure kuamka mapema na kuchelewa kulala kwa chakula cha taabu, maana Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Kukesha mara moja moja kupo katika kila maisha ya shule. Lakini kukesha kila juma kwa sababu mchana ulitupwa hakuna utakatifu wowote, hata kama saa tisa ya usiku uliweka wimbo wa kuabudu kwenye spika za masikioni. (Na anayesinzia mhadharani asikate tamaa. Eutiko alisinzia Paulo mwenyewe akifundisha, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Soma Matendo 20. Alihuishwa, na Paulo akaendelea kuongea hadi alfajiri.)

Kuna jambo jingine, na hili najua halitapendwa na viongozi wa jumuiya za wanafunzi. Wapo wapendwa wanaojificha ndani ya huduma. Jumatatu maombi, Jumanne kwaya, Jumatano kamati, Ijumaa mkesha, mwisho wa juma safari ya injili. Kitabu kinafunguliwa juma la mitihani, na sapu, yaani mitihani ya marudio, zikija linatajwa jina la shetani. Shetani ana makosa mengi, lakini hilo msimbebeshe bure. Aliyekwenda chuoni akijua Mungu amemfungulia mlango, basi ameitwa pale kusoma. Saa mbili za kupambana na hesabu isiyokubali ni utumishi, sawa na saa mbili za kwaya, na siku nyingine ni mgumu zaidi kwa kuwa hakuna anayepiga makofi. Mstari wa 17 hausemi Mungu aliwapa Danieli na wenzake nguvu za kuhubiri pale chuoni. Unasema aliwapa maarifa na ujuzi katika elimu. Ndicho walichokihitaji mahali walipokuwa.

Kipimo kizuri cha ucha Mungu wa mwanafunzi ni kazi ya kikundi. Mmepangwa saba. Wawili wanafanya, mmoja anaahidi, wanne hawajibu ujumbe mpaka usiku wa kukusanya, ndipo wanakumbuka kuuliza kama majina yao yameandikwa. Na wewe mwamini unaandika majina yote saba, ukiita huo upendo. Mimi nauita ushuhuda wa uongo, ingawa mdogo. Lakini kabla hujalifuta jina la mtu, mtafute. Muulize kuna nini. Huenda anafanya kazi usiku ili alipe ada. Huenda ana siku kadhaa hajatoka kitandani kwa sababu ambayo hajui kuitamka. Huenda ni mvivu tu, nao wapo. Ukimjua ndipo utajua la kufanya: kumgawia sehemu anayoiweza, kumwonya, au kumwambia kwa upole kwamba safari hii jina lake halitakuwepo. Yote matatu yanahitaji ujasiri kuliko kunyamaza, na hakuna hata moja litakaloandikwa kwenye cheti.

Vilevile ile kazi iliyoandikwa na programu ya akili mnemba dakika kumi kabla ya muda kwisha, ikapelekwa kwa jina lako. Sisemi chombo chenyewe ni kiovu. Kukiuliza kikufafanulie usichoelewa ni kama kumuuliza mwenzako aliyetangulia, pale chuo kinaporuhusu. Ila ukikipa swali na kuchukua jibu bila kichwa chako kupita katikati, umesema uongo mara mbili: kwa mwalimu kwamba uliandika, na kwako mwenyewe kwamba unajua. Uongo wa pili ndio utakaokuumbua siku mgonjwa, mteja au mwanafunzi wako atakapokaa mbele yako akisubiri.

Nimeacha upweke hadi sasa kwa sababu ni mgumu kuusema. Mtu anaweza kuishi bweni lenye mamia ya watu, akasikia vicheko kupitia ukuta, na akawa hajaitwa kwa jina tangu juzi. Hali hii huwa kali Jumapili jioni. Huwa kali pia fedha zikiisha kabla ya muhula kuisha, maana umaskini wa chuoni una aibu yake: unakataa mialiko kwa visingizio, unasema umeshiba, unasema una kazi nyingi. Na wale wa kwanza kufika chuo katika ukoo wao wana mzigo wa ziada, kwa sababu hawawezi kupiga simu nyumbani na kusema wameshindwa. Nyumbani wote wanawatazama wao.

Kwa hao ninamkumbuka Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumjibu kwa hotuba. Malaika alimgusa akamwambia ale. Akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Maswali yalikuja baadaye sana, mlimani. Kwa hiyo mpendwa, ukiwa umefika mahali maombi hayatoki, kula kwanza na ulale, kisha umwambie mtu mmoja ukweli. Chuo chako kikiwa na mshauri wa wanafunzi, mwendee bila aibu. Na mawazo yakigeukia kujidhuru, usisubiri hata kesho: mwambie aliye karibu akae nawe, na mtafute msaada usiku huohuo. Malaika wa Eliya alikuja na mkate na maji, vitu ambavyo mwenzako wa chumbani naye anaweza kuvileta.

Danieli mwenyewe hakusoma peke yake. Siku agizo la kuuawa lilipotolewa kwa wenye hekima wote wa Babeli, sura ya 2 mstari wa 17, alikwenda nyumbani kwake akawaeleza wenzake, wakaomba. Hanania, Mishaeli na Azaria ni walewale aliosoma nao. Undugu ule haukuanza usiku wa hatari. Ulikuwepo tayari.

Na kuna mstari mmoja ambao huwa naurudia ninapofikiria wanafunzi. Danieli 9:2. Babeli imeshaanguka, mfalme ni mwingine, Danieli ni mzee mwenye heshima zote. Anasema alifahamu kwa kuvisoma vitabu hesabu ya miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu ambayo nabii Yeremia aliambiwa. Bado anasoma! Anakaa na maandiko, anahesabu miaka, anaona muda umekaribia, na ndipo anapoelekeza uso wake kwa Bwana kwa maombi, kufunga na nguo za magunia. Mojawapo ya sala nzito za Agano la Kale inatoka katika mikono ya mtu aliyekuwa akisoma kwa makini. Ule uvumilivu wa kukaa na maandishi mpaka yafunguke aliupata mahali fulani, na sidhani aliupata kwenye tundu la simba.

Sasa neno langu kwa wazazi, wajomba, mashangazi na wazee wa kanisa. Kila mmoja ana kijana mmoja chuoni anayemfahamu. Juma hili mpigieni simu. Msiulize matokeo, wala mwaka wa kumaliza, wala lini ataleta mchumba. Mwulizeni analala saa ngapi, anakula na nani, na ni somo gani linalomfurahisha. Akijibu kwa neno moja, ongezeni salio mkapige tena juma lijalo. Mwenye uwezo wa kutuma kidogo atume bila kuambatanisha mawaidha.

Na wanafunzi: kesho ile saa ya kwanza baada ya kipindi cha asubuhi, kabla ya kushika simu, soma Danieli 1 yote kwa sauti ndogo, mistari 21 tu. Kisha fungua daftari la somo unalolichukia zaidi, uliombee somo hilo ukilitaja kwa jina lake, uanze swali la kwanza.