Uyoga wa kwenye ukoka, shemeji na kitunguu saumu chake

Jamani, mtu akikwambia chemsha uyoga na kitunguu saumu ujue kama una sumu, huyo mkimbie.

Masika yalipokolea hapa Morogoro ukoka wangu wa mbele ukatoa mauyoga meupe, kofia zingine zinazidi sahani ya chai, yamejipanga duara kabisa. Shemeji yangu kwao Iringa, na kule uyoga ni mboga ya heshima, akaja na kisu mkononi, "Shemeji, unakula maharage na mboga imelala nje?"

Vipimo vyake sasa. Konokono wakila na mtu anakula, kitunguu saumu kikigeuka cheusi ni sumu. Nikasema poa, tupime. Tukainjika sufuria kuukuu kwenye jiko la mkaa nje, punje za kitunguu ndani, shemeji kachuchumaa anachungulia kila dakika, harufu ikawa tamu mpaka jirani anauliza ng'ambo ya ukuta leo mnapika nini. Vitunguu vikatoka vyeupe pee. "Umeona sasa!" Nikamwambia tulia mpaka kesho, sufuria nikaifungia stoo na ufunguo mfukoni, maana namjua.

Usiku nikafanya kipimo changu. Unachukua kofia iliyofunguka vizuri (changa haifai, chini bado nyeupe itakudanganya), unakata shina, unailaza kifudifudi kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi kwa sababu kuna uyoga vumbi lake (zile mbegu ndogo zinazodondoka chini ya kofia) jeupe, kwenye karatasi nyeupe huoni kitu. Tone la maji juu, funika na bakuli, na uzime feni. Asubuhi nikainua bakuli mbele ya shemeji: mistari myembamba imetoka katikati kwenda pembeni, kijani iliyopauka kama unga wa mlonge. Akanyamaza.

Vumbi la kijani kwenye uyoga mkubwa wa kwenye majani, una magamba ya kahawia juu na pete inayopanda na kushuka kwenye shina, huyo ni Chlorophyllum molybdites. Yuko nchi nyingi za joto, na huko Amerika Kaskazini ndiye anayetajwa sana kwenye kesi za watu waliokula uyoga wenye sumu. Ndani ya saa moja mpaka tatu ni kutapika na kuhara, wengine wanaishia kwenye dripu, na usije ukategemea kuchemsha.

Ule wa kichuguu anaoujua shemeji, Termitomyces, vumbi lake linaelekea pinki, kofia ina ncha katikati, halafu ukichimba taratibu shina linashuka kama mzizi mpaka kwenye kichuguu cha mchwa chini. Wangu nilichimba, kitako kimevimba kidogo basi, hakuna mzizi. Ndo maana anayeuza uyoga uliokatwa juu juu mi sinunui hata akinipa kwa buku.

Kuushika haudhuru, osha mikono tu. Kung'oa hakuumalizi, wenyewe uko chini unakula majani yaliyooza, jamaa mmoja alitaka nimpe elfu thelathini na kitu apulize dawa nikamwambia asante. Nang'oa alfajiri kabla watoto hawajaamka, natupa shimoni.

Shemeji kaahidi kuleta wa kwao. Nimemwambia aje nao na mizizi yake.