Roboti kutoka ndani ya robota

Niseme mapema: mtu anayekushauri umtie gundi askari wa G.I. Joe, mdoli wa plastiki, aliyekatika kiuno hajawahi kumfungua hata mmoja. Ushauri huo nimepewa na fundi viatu, nikapewa tena na shemeji yangu, ambaye nyumbani kwake kila kitu kinashikiliwa na gundi, hadi makubadhi. Kijana mwingine, hodari wa mambo ya intaneti, akaniambia plastiki iliyogeuka manjano dawa yake ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Nikaijaribu kwa kipande cha ndani kisichoonekana. Kilitoka na harufu ya bwawa la kuogelea na umanjano wake uko pale pale.

Hawa askari, na maroboti ya Transformers yanayogeuka magari na vitu vingine, nimeanza kuwapenda zamani, kwa vitabu vya katuni vya mtumba vilivyokuwa vikiuzwa hapa Mombasa, vingi vikitoka Uingereza. Ndiyo maana hadi leo ulimi wangu unateleza nikawaita Action Force, kwa kuwa Waingereza waliwauza kwa jina hilo. Jarida lao la kila wiki lilikuja kuunganishwa na la Transformers mwaka 1988, kwa hiyo kwangu mimi askari na roboti ni watoto wa nyumba moja. Marvel, wachapishaji wa katuni, nao waliwakutanisha katika matoleo manne ya 1986 na 1987. Anayeona ajabu mimi kuwaweka rafu moja, hiyo ndiyo sababu.

Sasa soko la Kongowea. Wengi wanajua pale kuna nguo na mboga, lakini kuna vijana wanaofungua marobota ya midoli ya mtumba, wanamwaga kila kitu juu ya turubai: wanasesere wenye jicho moja, magari yasiyo na magurudumu, dubu waliopasuka tumbo. Ukifika asubuhi unachagua. Ukifika mchana wa saa nane unachakura.

Katika kuchakura nikaona kitu cheupe, au tuseme kilichowahi kuwa cheupe, kwa kuwa kilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mikono ipo, miguu ipo, kioo cha mbele cha gari kiko kifuani, na juu ya mabega hakuna kitu. Moyo ulinipiga, nikakishika kwa vidole viwili kama mtu asiyekitaka.

"Bei gani hiki?"

"Mia tatu, mjomba."

"Mia tatu? Kichwa kiko wapi?"

Kijana akakichukua, akakigeuza, akachungulia hata chini. "Kichwa... hakina, kweli."

Sikusema uongo. Ni Ratchet, tabibu wa Autobots, yale maroboti mema ya Transformers, mdoli wa 1984, na mdoli huyo hakuwahi kuwa na kichwa tangu alipotoka kiwandani. Yeye na pacha wake mwekundu, Ironhide, walitoka hivyo hivyo duniani kote. Hasbro, kampuni ya Marekani iliyowauza, hawakuwaunda wenyewe. Walikuwa maroboti ya Takara ya Japani, katika mfululizo ulioitwa Diaclone, na roboti wa Diaclone hakuwa kiumbe mwenye nafsi bali mtambo wa kuendeshwa na mtu. Walikuwa na madereva wadogo wenye sumaku nyayoni, na pale ambapo wewe unatarajia kichwa palikuwa na kiti cha dereva. Walipopelekwa Marekani na kuambiwa sasa wao ni viumbe hai kutoka sayari ya Cybertron, kiti kilibandikwa kibandiko chenye uso, basi. Kichwa kizuri unachokiona kwenye katuni ni cha wachoraji. Kwa hiyo ukikutana na Ratchet asiye na kichwa, chungulia nyuma ya kile kioo. Wangu alikuwa na kibandiko chake, kimekwaruzika shavu, lakini macho yote yapo.

Nikavuta pumzi, nikamwambia yule kijana nitamsaidia tu aondokane na mzigo. Tulimalizana kwa bei ambayo hata soda mbili na mahamri zingeizidi.

Hapo wengine wangeondoka mbio. Mimi nikajua kazi ni nusu, maana Ratchet hugawanyika: sehemu ya mbele ya gari huwa roboti, na sehemu ya nyuma huwa kijukwaa chake cha vita. Nikaanza kuuliza kwa upole kama hakuna "tela" yoyote nyeupe. Akasema tela zipo, akanionyesha za matrekta, za malori, moja ya farasi. Ya mwisho kabisa, chini ya kiti cha kuogea mtoto, ndiyo hiyo. Akanipa bure kama nyongeza, kwa vile nilinunua pia askari wawili waliokatika, mmoja bila miguu kabisa na mwingine akiwa vipande viwili ndani ya soksi. Sijui nani alimtia kwenye soksi, Mungu ambariki. Mambo mengi ya namna hii hupotea kwa kukosa soksi.

Huyo wa kwenye soksi nilimtambua njiani, ndani ya matatu, nikacheka peke yangu hadi jirani akahamisha mkoba wake. Alikuwa Doc, tabibu wa G.I. Joe, wa 1983. Mwaka umeandikwa nyuma yake, huko chini kiunoni, usome kwa miwani. Tabibu wa roboti na tabibu wa askari katika mfuko mmoja. Doc ni mweusi, jambo ambalo lilikuwa na uzito kwangu utotoni, kwa kuwa kati ya wale askari wote wa kwenye katuni yeye nilimwona anafanana na mjomba wangu. Kadi za maelezo ya askari hawa aliziandika Larry Hama, yule yule mwandishi wa katuni zao za Marvel, na kadi ya Doc inasema amesoma udaktari Harvard. Mke wangu aliposikia akasema, "Harvard yote hiyo, na kiuno kimekatikia Kongowea."

Kwenye katuni Doc aliuawa katika toleo la 109, mwaka 1991, yeye na wenzake kadhaa kwa mpigo. Kumsimamisha tena kuna ladha yake.

Kuosha nisieleze, unajua kuosha. Kufungua nako ni skrubu tu, ila chukua bisibisi inayokaa sawasawa, usilazimishe.

Askari hawa wa inchi tatu na robo tatu, walioanza 1982, wameshikwa na mpira mmoja mdogo wa duara ndani ya tumbo. Miguu ina kipini cha chuma chenye ndoana, mpira umezunguka hapo na pale juu, nao ndio unaovuta kila kitu kikae pamoja. Baada ya miaka arobaini mpira unakauka, unakatika, askari anakuwa nusu mbili. Hakuna kilichovunjika. Ukimtia gundi umemuua, maana hatageuka kiuno wala hatakaa chini tena.

Kwanza nilitumia raba ile ya kufungia noti. Alisimama vizuri mno, nikamwita mke wangu aje aone, na alipofika mlangoni Doc akafyatuka, miguu ikaenda upande wa kabati na kifua kikaangukia kwenye bakuli la maharagwe. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli. Hiyo ilikuwa na nguvu kupita kiasi, miguu ikakaza kama ya askari wa gwaride la Madaraka. Hatari ya kukaza ni kwamba plastiki ya katikati ya mapaja ni nyembamba, ikivutwa sana inapasuka, na hapo ndipo utakapokuwa na tatizo la kweli.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya mabomba na pampu, mtu wa makamo ya baba yangu, ana kibati kimejaa oringi za kila saizi. Nilimwekea Doc juu ya kaunta, nusu mbili.

"Huyu ana nini?"

"Kiuno, mzee wangu."

"Hata mimi kiuno. Lete tuone."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akavaa miwani, akamtazama Doc tumboni, akatazama ule mpira uliokuwa umebaki makombo, kisha akaanza kupima. Wateja wakajipanga nyuma yangu, mmoja anataka bomba la choo, mzee hasikii. Akaweka moja, akatikisa kichwa, legevu. Akaweka nyingine, nene mno. Mwishowe akapata inayoingia kwa kusitasita kidogo, akakunja mguu wa Doc, akaukunjua, akamkalisha juu ya mashine ya kuhesabia pesa. "Kijana, huyu amepona." Mimi na mvi zangu naitwa kijana. Nikanunua gao zima kwa pesa ambazo hazikufika mia, na hadi leo nazitumia.

Dokezo moja hapa kabla sijasahau: vidole gumba vya hawa askari ndivyo vinavyotangulia kufa. Kabla ya kumshikisha kitu chochote, tia mkono wake katika maji ya moto kidogo ulainike.

Turudi kwa Ratchet. Plastiki nyeupe za zamani huwa manjano kwa mwanga na joto na kemia zilizomo ndani yake. Nilipomfungua nikaona upande wa ndani ambao haukuonana na jua ungali mweupe kama nazi iliyokunwa, ndipo nikajua weupe wake haujakufa. Dawa ni haidrojeni peroksaidi pamoja na miale ya jua. Ile ya duka la dawa, ya asilimia 3, inafaa mtu mwenye subira ya Ayubu. Inayofanya kazi ni krimu ya saluni, ya kubadilisha rangi ya nywele, asilimia 12, ambayo wao huiita namba arobaini. Mama Zuhura wa saluni ya mtaani akaniuliza nataka kumpaka nani. Nikamwambia roboti. Akaniangalia kichwani kwanza, akahakikisha sina nywele za kupaka, ndipo akanipimia kwenye kikombe. Vaa glavu. Ikigusa vidole vinageuka vyeupe na kuchoma, na machoni usiombe.

Unapaka, unafunga kwa nailoni ya kufunikia chakula ili isikauke, unaweka juani, unageuza mara kwa mara. Ikikauka inaacha mabaka yasiyotoka. Vibandiko, rangi zilizochapwa na vipande vya kung'aa kama fedha viweke kando kabisa, na kile kiti chenye uso nilikifungia kabatini kana kwamba ni hati ya nyumba. Wenzetu wa Ulaya hununua taa za ultravaioleti kwa kazi hii. Mimi ninalo jua la kaskazi la Januari, bure, linalochoma hata kivulini.

Walichosahau kuniambia hao washauri wote ni kunguru. Anayekaa Mombasa anawajua. Nilipanga vipande juu ya paa la banda, vinang'aa ndani ya nailoni yake, nikaingia ndani kunywa maji. Natoka, ubavu wa kushoto wa Ratchet uko mdomoni mwa kunguru, anaruka nao kuelekea mabati ya jirani. Nilipiga kelele ambazo zilimtoa jirani nje akidhani ni mwizi. Nikamwambia ni mwizi ndiyo, yuko juu ya paa lako. Kunguru akakaa, akatoboa nailoni, akaonja ile krimu. Sijapata kuona ndege anayejuta kiasi kile! Alipangusa mdomo kwenye mabati kushoto na kulia, akaondoka na matusi, na ubavu wangu ukabaki kwenye mfereji wa maji ya mvua. Tuliushusha kwa kingoe cha kuangulia maembe, jirani akinielekeza kutoka chini na wanawe wakihesabu "moja, mbili" bila sababu.

Baada ya hapo nilitoa kuku bandani mchana, nikasogeza tundu la waya juani, nikapanga vipande ndani na kufunga kufuli. Watoto wangu wakaeneza habari kwamba baba anafuga roboti. Wacha waseme. Kunguru walikaa juu ya tundu wakichungulia, na jua likapita kwenye waya bila tabu. Kwa siku chache, nikipaka upya na kugeuza, rangi ya chai ikaondoka. Haikurudi weupe wa dukani, na umanjano unaweza kurejea, kwa hiyo sasa anakaa mbali na dirisha.

Nilipomuunga na kumgeuza gari, jirani yule yule, aliyekuwa makanga zamani, akamchukua mkononi akanyamaza, kisha: "Hii si Vanette?" Ni Vanette haswa, Nissan Cherry Vanette ya wagonjwa. Akanionyesha kwa kidole alipokuwa akining'inia mlangoni na namna alivyopakia watu waliozidi. Roboti aliyemkabili Megatron, kiongozi wa maroboti mabaya, peke yake katika matoleo ya mwanzo ya katuni, kumbe ni ndugu wa matatu.

Gharama nzima, ukiondoa krimu ambayo Mama Zuhura alinikopesha na bado ananidai, haikuzidi chakula cha mchana cha watu wawili hotelini. Doc bado hana machela yake, naitafuta.

Kosa la kujisifu nalo lina bei. Nilimpelekea yule kijana wa Kongowea picha aone mzigo wake ulivyopona, nikamweleza na habari ya kichwa. Juzi nimepita, ameweka kando kapu zima la midoli isiyo na vichwa, wanasesere kwa maroboti. Nikamgusia mmoja.

"Elfu mbili, mjomba. Hao ndio orijino."