Kijitabu cha mechi cha babu, Cardiff 1973

Jamani leo nimeshika kitu mkononi mpaka machozi yakanitoka. Babu mzaa mama alikuwa baharia, hilo tulilijua, ila hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tarehe 27 Januari 1973 alikuwa ndani ya uwanja wa Cardiff Arms Park kule Wales, ile siku timu ya raga ya Barbarians iliwapiga New Zealand 23 kwa 11!! Shangazi ndo kafungua sanduku lake la bati, chini kabisa chini ya mashuka kuna kijitabu cha mechi, karatasi imegeuka njano, pini za stepla zimeshika kutu zikaacha alama ya kahawia katikati, na kishina cha tiketi kimebanwa humohumo.

Kilichonimaliza ni maandishi yake. Kila trai (kufunga kwa kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, wakati huo pointi 4) kaandika 4 kwa penseli pembeni, jina la Gareth Edwards wa Barbarians kalizungushia duara, la mwenzake Phil Bennett kalipigia mstari mara mbili. Na alikuwa sahihi kabisa kwa sababu ile trai maarufu ya siku hiyo, watu wanamsifu Edwards aliyeimaliza lakini aliyeianzisha ni Bennett, karibu na goli lao wenyewe, akawakwepa watu kwa miguu tu.

Shangazi anasema babu alikuwa anazunguka sebuleni akiwaonyesha watoto zile chenga, wakadhani ni dansi 😭

Sikigusi tena ovyo, nimekiweka kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi mbali na jua. Kuna mtu kashaulizia bei. Hakiuzwi.