Jibini ya nyuzi haitaki misuli

Aliyeniambia "jibini ya nyuzi ni kuvuta tu, weka nguvu" sidhani kama aliwahi kuigusa hiyo jibini inayochanika nyuzi nyuzi. Mimi nilivuta mpaka mabega yakauma.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa maziwa. Nilichukua yale ya boksi yanayokaa miezi bila friji. Nikatia asidi ya sitiriki, nikatia reneti, kimeng'enya cha kugandisha maziwa, nikafunika, nikakaa roho juu. Nikafunua: uji. Kumbe maziwa yale yamepitishwa kwenye joto kali mno, protini zake zimeshikamana ovyo, reneti haipati pa kufanyia kazi. Lita nne nilizimwaga usiku, nisionekane.

Mara ya pili nilitumia maziwa mabichi, nikayachachusha kwa mtindi badala ya asidi. Yakaganda vizuri ajabu. Nikachuja, nikatumbukiza donge kwenye maji ya moto, nikavuta: likamomonyoka kama udongo mkavu. Nikakumbuka lile shauri, nikaongeza nguvu. Likamomonyoka zaidi. Tatizo lilikuwa uchachu, haujatosha. Lazima pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri kitu kinavyochachuka, ishuke hadi 5.2 au 5.3 hivi, ndipo kalsiamu inayozikaza protini hupungua, nazo zikakubali kunyooka.

Kipimo cha pH sina, ila nina ujanja. Nakata kibonge cha ukubwa wa kidole gumba, nakichovya kwenye maji ya nyuzijoto 80 hivi, navuta. Kikikatika, donge linarudi kukaa lichachuke zaidi. Niliwahi kukata vibonge sita mchana mmoja, na vyote vilivyofeli nikavila. Cha saba kikashuka taratibu kama utepe wa satini, kinang'aa! Nikapiga ukelele, watu wakaja mbio wakidhani nimeungua. Nilikuwa nimeungua pia. Vaa glavu.

Halafu vuta, kunja, vuta, siku zote upande uleule. Ukikanda huku na huku utapata mozarela nzuri, nyuzi hutazipata. Lita kumi zilinipa kama kilo moja, basi usialike watu wengi.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikaigiza quesillo, jibini ya Oaxaca kule Meksiko, ile inayoviringwa kama donge la uzi, ikatoka sawa. Jibini ya nyuzi ya Kisyria yenye habasoda ndiyo naipenda kuliko zote. Nikajitia kusuka korbáčiky, jibini za Slovakia zinazosukwa kama kamba, ambazo wenyewe huzifukiza moshi pia. Zangu zilikaa kwenye maji ya chumvi hadi asubuhi, na wa kwanza kufungua friji akauliza nani kaloweka kamba za viatu.