Alama ya kidole kwenye ufito

Jumapili kijana wangu aliushusha ufito wa kuvulia kutoka juu ya kabati, akaupapasa kuanzia mpini kwenda juu, polepole, mpaka pete ya pili kati ya zile zinazopitisha kamba ya kuvulia. Hapo akasimama.

"Baba, hiki kidole ni cha nani?"

Kwenye gundi iliyokauka juu ya uzi unaoishikilia pete kuna alama ya kidole. Ukiielekeza dirishani unaona mistari yake yote. Nikamwambia nitamjibu jioni. Leo ni Alhamisi na bado sijamjibu.

Ilikuwa 1999, Jinja, Uganda, kwenye kambi ya polisi, mimi nikiwa sinia ya tatu, yaani kidato cha tatu. Wale wa umri wangu wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo moja: Ulaya ilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kuna watu walikuwa wakivua kwa sumu. Mama alikuwa askari, na zamu zake nyingi za usiku zilikuwa doria kule Masese, kwenye mwalo. Alirudi asubuhi akinuka ziwa na moshi, na neno "sumu" halikumtoka mdomoni. Kwa hiyo niliposema nataka kuvua, hakunikataza wala hakuniruhusu. Alinyamaza tu, na ukimya wa Mama ulikuwa mzito kuliko amri.

Ufito wenyewe nilipewa na mzee mmoja wa pale kambini. Ujanani aliwabebea vifaa wageni wanaokwenda kuvua sangara Paraa, chini ya maporomoko ya Murchison. Ulikuwa wa nyuzi za kioo, mweusi, umevunjika nchani kama shubiri moja. Pete zilikuwa zimelegea na mpini umeoza. Mzee akaniambia ufito uliokatika ncha haujafa, ila umekuwa mgumu zaidi, basi usiufanye kama ulivyokuwa mwanzo. Uanze upya.

Nikaanza upya bila kujua chochote. Nilikwangua uzi wa zamani kwa wembe. Mzee akanionyesha kutafuta uti wa mgongo wa ufito: unasimamisha kitako sakafuni, unashika juu na kuupinda kwa kiganja, halafu unauzungusha taratibu. Kuna mahali unaruka wenyewe mkononi, kama kitu hai, na kutulia. Pale ndipo mgongo ulipo, na pete zinapangwa kwa kufuata mstari huo. Niliurudia mruko ule zaidi ya mara ishirini, si kwa shaka, bali kwa raha yake tu.

Mpini nikauchonga kwa mti wa musizi, maana ni mwepesi. Pete moja ilikuwa imepotea, nikaipinda mwenyewe kwa koleo kutoka kwenye spoku ya baiskeli. Nafasi za pete nilizipima kwa kamba: unaipitisha kwenye pete zote, unaifunga kwenye komeo la mlango na kuuvuta ufito upinde. Kamba isipofuata mpindo, pete ziko mbali mno, hasa kuelekea nchani ambako zinatakiwa kukaribiana.

Kufunga uzi ndiko kulinitoa machozi. Unaanza juu ya ufito mtupu, unabana mzunguko kwa mzunguko bila kuacha mwanya, halafu uzi unapaswa kuupanda mguu wa pete. Mimi sikuwa nimeutia tupa ule mguu, kwa hiyo kila uzi ulipofika pale uliruka na kuacha pengo. Nikafumua, nikafunga, nikafumua tena. Mzee alipopita akaugusa mguu wa pete kwa ukucha akasema, "Noa hapa mpaka uwe kama kisu." Baada ya tupa, uzi ukapanda kama unapanda ngazi.

Uzi wenyewe ulikuwa wa kaki, niliouchukua kwenye kopo la Mama la kushonea sare. Sikuomba.

Ikabaki gundi, ile ya mirija miwili inayochanganywa sawa kwa sawa. Mzee alinionya nisinunue ya kukauka haraka. Nichukue ya polepole, nikoroge bila pupa ili isijae mapovu, kisha niuzungushe ufito bila kuacha, maana gundi ikiwa bado maji inashuka upande wa chini na kuganda kama nundu. Wenye mashine huweka mota. Mimi nilikuwa na maboksi mawili ya sabuni niliyoyakata pembe, ufito ukalala juu yake. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha tadoba. Nikapaka. Uzi wa kaki ukanywa gundi na kugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na miguu ya pete ikaonekana chini yake kama samaki chini ya maji. Sikuwa nimewahi kutengeneza kitu kizuri namna ile.

Nikaanza kuzungusha. Robo mzunguko, nasubiri, robo mzunguko. Mende akapita. Mbwa wa kambi wakabweka, wakanyamaza. Robo mzunguko.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, shavu limeganda kwenye mkeka, na tadoba ilikuwa bado inawaka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa sare nzima, kofia juu ya goti, kamba za buti zimefunguliwa lakini buti hazijavuliwa. Matope ya Masese yalikuwa yamekauka mpaka juu ya vifundo. Vidole vyake viwili vilikuwa kwenye mpini wa musizi, vinazungusha. Hakuniangalia. Alikuwa anaiangalia gundi kwa macho yale ya mtu anayesubiri maziwa yachemke.

"Hii kitu yako inazungushwa upande gani?" akauliza.

"Wowote, Mama. Mradi isisimame."

"Ilikuwa imesimama. Imeanza kudondoka."

Nikataka kuinuka. Akatikisa kichwa.

"Lala. Una shule."

Nikalala, lakini macho wazi. Baada ya muda akanyoosha mkono, akakiokota kigurudumu cha uzi kilichokuwa karibu na tadoba, akakigeuza kwenye mwanga.

"Na huu si uzi wangu?"

"Ni wako, Mama."

Akakirudisha pale pale. Akaendelea kuzungusha. Sijui aliacha saa ngapi. Nilipoamka mara ya pili kulikuwa kumekucha, Mama yuko kitandani na buti zake, na gundi imekaa laini pete zote, hakuna nundu hata moja. Ila pete ya pili, ile ya spoku, ilikuwa na kidole.

Nilivua nao miaka kadhaa, ng'ambo ya daraja kwenye mawe ya Nile. Nilipata ngege, na siku moja samaki aitwaye kisinja aliyeupinda ufito mpaka mzee akapiga kelele kutoka ukingoni. Mama alimpika. Hakuuliza nimemtoa wapi.

Sasa amestaafu, yuko Tororo. Miaka yake ya mwisho kazini alikuwa mezani kituoni akichukua alama za vidole vya watu kwa wino, kumi kumi, na alama mbili akizitazama alijua kama ni za mtu mmoja. Mwaka juzi nilimpelekea ufito, nikamwambia, Mama, hebu soma hapa. Mimi nasema ni chako, uliposhika kuzuia tone. Yeye akasema ni changu mimi, cha wakati wa usingizi. Nikampa kidole gumba changu alinganishe. Akakishika, akakifunga ndani ya kiganja chake na kuniuliza kama nimekula.

Kijana wangu hakungoja jibu langu. Jana nilimkuta amekaa sakafuni na ufito mapajani, amekiweka kidole chake juu ya alama ile. Kimeingia chote, na pembeni nafasi imebaki.